Jua la Mlimani na Tiba ya Ngozi Iliyobabuka

Mtu asimamaye Makutano ya mji wa Meru wakati wa adhuhuri, mahali ambapo magari ya Maua, ya Nanyuki na ya Embu hupishana mchana kutwa, naye amezungukwa na wauza ndizi, waendesha bodaboda na wachukuzi wenye mizigo mabegani, hakosi kuhisi upepo mwanana ushukao kutoka mlimani. Na upepo huo, ambao ni rehema kwa kila atokaye nchi za joto, ndio umponzao, kwa kuwa humwondolea hisia ya joto bila ya kumwondolea jua lenyewe, na asiyehisi joto hudhani kwamba hachomeki. Huko chini kwenye Makutano ya pili, pale njia ya Embu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi na Nyeri kuelekea Mwea, mambo ni dhahiri zaidi, maana jua la mashamba ya mpunga humwonya mtu kwa jasho kabla halijamdhuru. Jua la Meru halionyi.

Yafaa basi tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Joto la jua huletwa na miale ambayo mwili huihisi papo hapo, na mtu akizidiwa nayo hukimbilia kivulini bila ya kuambiwa. Ama miale ibabuayo ngozi, ambayo wataalamu huiita ya urujuanimno, haionekani kwa macho wala haihisiki mwilini, upepo hauizuii, na mawingu mepesi huipitisha kwa kiasi kikubwa, hata mtu huweza kuungua katika siku ya mwezi wa Julai ambayo ukungu umetanda tangu alfajiri na watu wamejifunika masweta. Fauka ya hayo, mji wa Meru umekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ambao huikata barabara kati ya mji huo na Nkubu, kwa hiyo jua la huku halina msimu wa kuinama sana. Na siku za kukaribia tarehe 21 Machi na 23 Septemba husimama utosini barabara, si saa sita kamili kama wengi wadhanivyo, bali karibu na saa sita na nusu, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imefuata nyuzi 45 za mashariki, nasi tuko magharibi ya hapo kwa nyuzi saba na ushei.

Tena kuna suala la kimo. Kila mtu apandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban sehemu 10 katika mia, maana hewa iliyobaki juu yake imepungua unene wa kuichuja. Ndiyo sababu mkulima wa ngano wa Timau, ambaye shamba lake liko juu zaidi ya mita 2,000 na ambaye huvaa koti hata mchana, hupigwa na miale mikali zaidi kuliko mvuvi wa Mombasa aliyevua shati lake kwa joto. Na apandaye Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria hata akafika kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, hujitia katika jua lililozidi la pwani kwa karibu nusu nzima.

Liko pia neno ambalo limewadhuru wengi, nalo ni ile kauli ya kwamba jua ni shida ya Wazungu, na kwamba ngozi nyeusi haiungui. Kweli, rangi ya asili iliyo ndani ya ngozi yetu, iitwayo melanini, ni ngao njema, nayo humfanya mtu mweusi astahimili jua kwa muda mrefu zaidi kuliko mweupe. Lakini kuwa na ngao si kutopigwa, na kila ngao ina kadiri yake. Kinachowapoteza watu ni kwamba dalili zilizoandikwa vitabuni aghalabu zimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: huambiwa watazame wekundu, nao wakitazama hawauoni. Kwenye ngozi nyeusi, ewe msomaji, tazama kwa mkono kuliko kwa jicho. Weka kiganja juu ya shingo, bega au paji la uso. Ukiikuta ngozi ina moto kuliko sehemu zilizofunikwa na nguo, imekazana, inauma ikiguswa na ukosi wa shati, au imekuwa nyeusi zaidi ya kawaida yake na baada ya siku chache inabambuka kama utando, basi imeungua, wala usingoje iwe nyekundu ndipo uamini. Watoto huungua upesi kuliko wazazi wao, na mtu aliyekuwa akitumia dawa fulani, mathalani doksisaiklini au kotrimoksazoli, ambazo ni dawa za kawaida mahospitalini kwetu, huweza kuungua kwa jua ambalo siku nyingine lisingemfanya kitu.

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe, na kabla ya kutaja dawa yoyote ni wajibu kuueleza mwendo wa maradhi haya, kwa kuwa tiba nyingi huharibika kwa kutojua saa zake. Mchomo wa jua hauishi pale mtu aingiapo nyumbani. Miale ikishazidhuru chembe hai za ngozi, mwili wenyewe huanza kuzitengeneza kemikali za uvimbe na maumivu, nayo kazi hiyo huendelea gizani jua likiwa limekwisha kutua: maumivu huanza kuonekana baada ya saa tatu hadi tano, huzidi usiku kucha, na kilele chake huwa kati ya saa 12 na saa 24 tangu mtu alipochomwa, kisha hupungua polepole katika siku mbili tatu zinazofuata. Kwa hiyo yule aliyefanya kazi shambani saa sita mchana, akarudi jioni akisema mabega yananiwasha kidogo tu, yumo mwanzoni mwa safari. Na akilala hivyo hivyo bila ya kufanya lolote, ataamka usiku wa manane asiweze kulalia ubavu wowote. Saa za jioni ile ya kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote zitakazofuata.

Dawa ya kwanza ni maji, na watu wa Meru hawana udhuru katika hilo, kwani maji yatokayo mlimani, yale yale yaujazayo mto Kathita, huwa na ubaridi wa kutosha tangu mferejini. Jimwagie maji ya baridi ya kawaida, au kaa katika karai ukajimiminia kwa kikombe, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Au chukua kipande cha leso iliyochakaa, ambayo ulaini wake wapita ule wa taulo, ukichovye, ukikamue kidogo, ukilaze juu ya mahali palipoungua, na kikishapata joto la mwili ukichovye tena. Fanya hivyo mara kadhaa jioni ile na siku ya pili. Barafu usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi, maana ngozi iliyoungua haina nguvu ya kustahimili dhara la pili, na barafu huunguza kwa namna yake. Vilevile tahadhari na baridi ya kupita kiasi kwa mtu aliyeungua mgongo mzima na mabega, kwa sababu ngozi ya namna hiyo hupoteza joto ovyo, naye huanza kutetemeka hasa katika usiku wa nchi za mlimani. Huyo apoozwe kwa kitambaa sehemu kwa sehemu, na mwili mwingine ufunikwe shuka jepesi.

Sabuni kali ya kufulia iepukwe, dodoki lisitumike kabisa, na wakati wa kujikausha usisugue bali ugusishe taulo tu na kuacha ngozi ikiwa na unyevu, kisha hapo hapo upake losheni nyepesi isiyo na manukato, ambayo kazi yake ni kuuzuia ule unyevu usitoroke. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Desturi ya nyumba nyingi ni kwamba ngozi ikiuma hupakwa mafuta ya mgando, au yale mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe ambayo hayakosekani katika boma lolote, au hata mafuta ya kupikia; nayo mafuta mazito yakipakwa juu ya ngozi ambayo bado ina moto, hulifungia joto ndani, hata mtu hujiona anachemka. Sikusudii kuyatukana mafuta hayo. Siku ya nne au ya tano, moto ukishakwisha na ngozi ikianza kukauka na kubambuka, hayo hayo huwa dawa njema isiyo na gharama. Kosa ni la saa, si la mafuta.

Kuhusu shubiri, ambayo katika nchi kavu za Mbeere, Isiolo na Laikipia humea yenyewe kando ya njia, nina la kusema kwa urefu kidogo, kwa kuwa sifa zake ni kubwa na matumizi yake aghalabu si sahihi. Jani la mshubiri lina vitu viwili ndani yake: upo ute mweupe mng'avu ulio katikati, ambao hupooza na kuilainisha ngozi, na upo utomvu wa manjano ulio chini kidogo ya ganda, mchungu kwelikweli, ambao huwasha na kuidhuru ngozi iliyojeruhika. Anayelikata jani na kulisugua mwilini hivi hivi hujipaka vyote viwili, kisha husema dawa hii ni kali, ndiyo maana yafanya kazi. Hasha! Likate jani, lisimamishe wima katika bakuli kwa robo saa ili utomvu wa manjano uchuruzike, lioshe, limenye ganda lote, kisha uutoe ute ule mng'avu na kuupaka ukiwa na uvuguvugu wa kawaida au baada ya kupoa ndani ya chombo kilichowekwa penye baridi. Ijaribu kwanza mahali padogo mkononi, kwa maana wako ambao mwili wao huikataa. Tena mshubiri uliopandwa uani ndio upasao kutumiwa, kwani ule wa porini ulivunwa kwa pupa hata serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 1986; na wala usidhani kwamba shubiri hufuta dhara lililokwisha kufanyika, maana haifanyi hivyo, bali hupunguza mwasho na mkazo tu, jambo ambalo usiku wa kwanza si dogo.

Maumivu yenyewe hutibiwa kwa vidonge, na kidonge kikitangulia maumivu hufaa kuliko kikiyafuata. Mtu mzima mwenye afya aweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, akarudia baada ya saa sita hadi nane, isizidi mara tatu kwa siku na kwa siku mbili hivi. Ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mja mzito, na mwenye pumu ambaye dawa za jamii hiyo humchochea, hao wote waiache na watumie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto hupewa parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake, wala asipewe aspirini, kwa kuwa kuna maradhi mabaya ya ini na ubongo, yasiyotokea mara nyingi lakini yakitokea huua, ambayo yamehusishwa na dawa hiyo kwa watoto. Aghalabu mtu huingia duka la dawa akasema, "Daktari, nipe kitu cha kupaka," na akapewa kikopo cha krimu bila ya kuulizwa swali; basi wewe uliza. Losheni ya kalamini haina ubaya kwa mwasho. Krimu hafifu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 aweza kuitumia mtu mzima kwa siku chache, ingawa faida yake si kubwa. Krimu za kutia ganzi ziepukwe, maana baadhi yake huleta mzio juu ya ngozi iliyokwisha kukasirika.

Dawa ya meno, spiriti, na maji ya ndimu visikaribie mahali palipoungua. Ndimu hasa ina hila yake ya peke yake: maji yake yakibaki juu ya ngozi na jua likaipiga, huleta mchomo mpya wenye malengelenge na alama nyeusi, hata mtu mzima wa afya aliyekuwa akikamua ndimu uani kwa ajili ya wageni aweza kushangaa mikono yake kesho yake.

Yakitokea malengelenge, yaache. Maji yaliyo ndani ya lengelenge ni safi, na ngozi iliyoyafunika ni bandeji ambayo hakuna duka liwezalo kuiuza iliyo bora zaidi. Anayelitoboa kwa sindano au mwiba huwafungulia mlango vijidudu. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni laini, usiichune ile ngozi, ulifunike kwa shashi isiyonata, nawe uangalie kama usaha unatoka au wekundu na uvimbe unaenea pembezoni. Nguo za siku hizo ziwe za pamba na pana. Aliyeungua anywe maji zaidi ya desturi yake, kwa kuwa ngozi iliyovimba huyavuta maji ya mwili kuelekea kwake. Na huku kwetu sina budi kuongeza kwamba atafunaye miraa au muguka mchana kutwa husahau chakula, na bila shaka huisahau pia kiu, basi ayaache majani hayo hata apone.

Kuna hali ambazo haifai kuzitibu nyumbani hata kwa saa moja. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja aliyeungua apelekwe kwa daktari, hata kama anacheka. Mtu mwenye malengelenge yaliyoenea mgongo mzima au usoni, mwenye homa kali na kutapika, mwenye kizunguzungu, mwenye kuchanganyikiwa maneno, au asiyekojoa kwa muda mrefu, huyo hana mchomo wa ngozi peke yake, bali huenda joto limempiga mwili mzima, nayo ni dharura. Mji wa Meru una Hospitali ya Mafunzo na Rufaa, Nkubu iko hospitali ya Consolata, Chogoria iko ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Scotland mwaka 1922, na Embu iko hospitali kuu ya rufaa. Hakuna mkazi wa njia hii ya Meru na Embu aliye mbali sana na mlango wa daktari.

Kwa watu wenye ualbino mambo haya yote ni mazito maradufu, kwa sababu wao hawana ile ngao tuliyoitaja, na kila mchomo huongeza uwezekano wa saratani ya ngozi, ambayo katika nchi zetu huwapata wangali vijana. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwahesabu nchini Kenya watu 9,729, nao wana haki ya kupewa mafuta ya kukinga jua bila ya malipo kwa mpango wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambao hupitishia mafuta hayo hospitalini. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo na asiyekuwa na habari hizo aende akaulize. Nchi jirani ya Tanzania imekwenda mbele zaidi, kwani hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta yake yenyewe kwa ajili yao. Mwalimu aliye na mwanafunzi mwenye ualbino amruhusu kuvaa pama na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo, na gwaride la asubuhi lisimweke juani huku hotuba zikirefuka.

Neno moja kwa wapagazi na vijana wapandao mlimani. Theluji safi huweza kurudisha juu hadi sehemu 80 katika mia ya miale iipigayo, kwa hiyo mtu huchomwa chini ya kidevu, ndani ya pua, na zaidi ya yote machoni, ambayo saa kadhaa baadaye huanza kuuma kana kwamba yamemwagiwa mchanga. Dawa yake ni kukaa gizani, kuweka kitambaa cha baridi juu ya kope zilizofumbwa, na kutoyafikicha. Kwa kawaida hupona katika siku moja hadi tatu, na yasipopona au kuona kukififia, aende kwa daktari wa macho. Miwani ya jua si pambo huko juu.

Imebaki ngozi mpya. Ile ya zamani ikibambuka usiivute kwa kucha, iache ianguke; iliyo chini yake ni changa na huungua kwa nusu ya jua lililoiunguza ya kwanza, kwa hiyo kwa majuma mawili au matatu ifunikwe kwa nguo, kwa leso mabegani, kwa mwavuli wa kibandani ambao husogezwa kadiri kivuli kinavyosogea, na mahali pasipofunikika papakwe mafuta yenye kipimo cha kinga cha 30 au zaidi, nusu saa kabla ya kutoka na kila baada ya saa mbili. Mafuta hayo ni kinga, si tiba. Kuyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kuungua jana hakuiponyi. Madoa meusi yatakayobaki kwenye ngozi yetu hufifia yenyewe, ingawa huchukua miezi mingi, na mwenye pupa akayakimbilia kwa mkorogo wa sokoni, ambao aghalabu una zebaki au haidrokwinoni au dawa kali za kupunguza uvimbe, hujikuta ameiondoa hata ile ngao aliyopewa na Mola, nalo jua lifuatalo humchoma maradufu. Ama doa linalokua, linalotoa damu, au kidonda kisichofunga kwa majuma manne, hilo lionyeshwe kwa daktari wa ngozi mapema, wala lisipakwe kitu.